Huru na Bure

Daftari ni dhamiri ya biashara. Duka lisilo na daftari ni kama mtu asiye na kumbukumbu: leo hutoa asichojua, kesho hudai asichokopesha. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Zamani daftari lilikuwa kitu chepesi kueleweka. Mwenye duka alinunua kitabu mara moja, akanunua na wino, na tangu siku ile kitabu kilikuwa chake. Aliyekiuza hakuwa na amri juu yake tena. Hakuweza kurudi mwisho wa mwezi kudai kodi ya kurasa, wala kukitia kufuli mwenye duka alipochelewa kulipa. Mwenye duka alipofariki, mwanawe aliyejua kusoma alikifungua kitabu akaona nani adai na nani adaiwa.

Leo daftari limehama. Limetoka katika karatasi likaingia katika kompyuta, na jina lake limekuwa programu. Mishahara, kodi, akiba ya ghala, madeni ya wateja, yote yamo ndani yake. Na programu hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza huuzwa au hukodishwa na kampuni, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, hufichwa. Namna ya pili huitwa programu huria. Msimbo wake u wazi kwa kila mtu, na kila mtu aruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Namna hizi mbili zimeshindana kwa zaidi ya miaka arobaini, na watu wengi hudhani kuwa shindano lao ni la bei. Sivyo. Ndani ya bei limo swali la haki: je, ni halali kumwuzia mtu chombo atakachokitegemea kwa riziki yake, kisha kumkataza asikifungue? Na swali hilo lina ndugu yake, ambaye hutajwa mara chache: je, ni halali kuchota kila siku katika kisima cha wote, wala usishike kamba siku ya kukisafisha?

Kabla ya kujibu yafaa maneno yapimwe. Lugha ya Kiingereza, ambamo mjadala huu ulizaliwa, ina neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa mtu asiye mtumwa, na upungufu huo umewachosha watetezi wa programu huria, ambao kila mara hulazimika kueleza kuwa wanatafuta uhuru, hawatafuti kupewa. Kiswahili kina bahati zaidi. Kina huru na kina bure, na mtu hawezi kuvaa kimoja akadhaniwa kavaa kingine. Tena neno bure lenyewe lina onyo ndani yake. Mtu aliyepewa kitu bure hufurahi, lakini mtu aliyeambiwa kuwa amefanya kazi bure hulia. Kisicho na bei na kisicho na faida vimepewa jina moja, kana kwamba waliotunga lugha walitaka msikiaji ajiulize kila mara ni kipi kati ya viwili hivyo alichopewa. Hata neno huria halina upande mmoja: husemwa programu huria, na husemwa soko huria. Wauzaji na wapinzani wao wote wamekimbilia kivuli cha mti mmoja.

Hapo mwanzo shindano hili halikuwapo. Kompyuta ilikuwa mashine kubwa ya bei kubwa, na programu zilikwenda pamoja nayo kama mpini uendavyo na jembe. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kuwa itaanza kutoza bei ya programu zake nyingi mbali na bei ya mashine. Tangu hapo mpini ukawa bidhaa peke yake. Mwezi wa Februari 1976 Bill Gates, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi. Yeye na wenzake walikuwa wameandika programu ya BASIC kwa kompyuta ndogo iliyoitwa Altair. Wengi waliitumia na wachache waliinunua. Aliwaambia kuwa wafanyalo ni wizi, akawauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya ustadi bila ya malipo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mwenye nguvu pia ana haki yake. Swali la barua ile halikuwa swali la kipuuzi. Fundi wa programu hula, hupanga nyumba na husomesha watoto kama fundi wa mlango. Tena ziko kazi ambazo hapana mtu azifanyaye kwa mapenzi. Mtu aweza kuandika mchezo wa kompyuta usiku kucha kwa furaha, lakini ni nani atakayekesha kwa furaha ili jedwali la kodi la mwaka huu lipatane na sheria iliyobadilika wiki iliyopita? Programu za biashara zimejaa kazi za namna hii: zenye kuchosha, zenye kurudiwa, zisizo na sifa. Anayelipwa huzifanya kwa sababu analipwa. Na mwenye duka ambaye hesabu zake zimekwama siku ya mshahara hahitaji hotuba juu ya uhuru. Ahitaji mtu wa kupigia simu, na mtu huyo awe na wajibu wa kuitika. Muuzaji huuza programu, na pamoja nayo huuza wajibu.

Lakini ubaya wa kufuli nao una historia yake. Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu katika maabara ya chuo cha MIT, amesimulia habari ya printa. Printa ya zamani ya maabara ilipokwamisha karatasi, wataalamu waliitengeneza programu yake ili iwaarifu watu waliokuwa wakingoja. Ikaja printa mpya ya kampuni ya Xerox. Nayo ilikwama, lakini haikuja na msimbo wake. Stallman alimwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akamwomba. Mtu yule alikataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kampuni kwamba hatampa mtu. Karatasi iliyokwama ni jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kwamba mtaalamu mmoja, mbele ya mtaalamu mwenziwe, aliuza mapema ruhusa ya kuwa jirani mwema.

Mwezi wa Septemba 1983 Stallman alitangaza kuwa ataandika mfumo mzima wa kompyuta, uitwao GNU, utakaokuwa huru. Mwaka 1989 ilitoka leseni iliyobeba wazo lake. Leseni hii ilichukua sheria ya hakimiliki, iliyotungwa kumpa mwandishi amri ya kuzuia, ikaigeuza iwe ya kuzuia kuzuia: kila apewaye programu aitumie apendavyo, aichunguze, aibadili na aigawe, ila akiigawa asimnyime mwingine haki aliyopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa kwa Linux. Hivyo swali la mwaka 1976 lilipata jibu ambalo mwulizaji hakulitazamia: wako watu wengi wafanyao kazi ya ustadi, na matunda yake wakayaacha wazi.

Kwa nchi zisizo tajiri jibu hili lina uzito wa peke yake. Soko huangalia faida, na lugha au ugonjwa wa watu wasio na fedha havina faida kubwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba idhini ya mtu, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Microsoft nayo ilishughulika kuzivika programu zake Kiswahili. Hapana haja ya kubishana nani alimsukuma nani. Yatosha kuona kuwa lugha ya mamilioni ya watu haikungoja tena mlangoni kwa mfanyabiashara mmoja mpaka atakapopenda kufungua. Tena uko mfumo wa DHIS2, wa kukusanya takwimu za afya. Ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na leo hutumika katika wizara za afya za nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwao. Hesabu ya wagonjwa wa malaria iliyoandikwa katika zahanati hupanda mpaka wizarani kwa chombo ambacho wataalamu wa nchi yenyewe waweza kukifungua na kukirekebisha.

Hata hivyo mifano hii yapasa isomwe mpaka mwisho. DHIS2 ni huru, lakini si bure. Wafadhili hulipa, vyuo hulipa, wizara hulipa mafundi na seva. Na programu iliyotafsiriwa leo hutolewa toleo jipya mwakani, na tafsiri isiyotunzwa hubaki nyuma kama ramani ya mji uliokwisha kuhama. Uhuru humpa mtu jembe, lakini haumlimii shamba.

Hapa ndipo dhambi ya upande wa pili inapoonekana. Mwezi wa Aprili 2014 lilifichuliwa kosa katika programu huria iitwayo OpenSSL, ambayo sehemu kubwa ya intaneti iliitumia kulinda siri za watu, benki zikiwamo. Kosa hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilikuwa limekaa wazi kwa muda wa miaka miwili. Kila mtu aliweza kuliona, na hapana aliyeliona, maana kila mmoja alidhani kuwa mwingine anatazama. Kampuni zenye mabilioni zilikitegemea chombo hicho, na michango iliyotolewa kwa watunzaji wake ilikuwa karibu dola 2,000 kwa mwaka. Methali husema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika habari hii mtegemea alikuwa tajiri, na aliyekaribia kufa maskini alikuwa ndugu aliyetegemewa.

Miaka kumi baadaye lilitokea jambo la hatari zaidi. Programu ndogo iitwayo xz, itumikayo kufupisha mafaili katika kompyuta nyingi za Linux, ilikuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja aliyechoka. Mtu ambaye hajajulikana hasa ni nani alijitokeza, akasaidia kwa adabu na uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akaingiza mlango wa siri. Mwezi wa Machi 2024 mlango huo uligunduliwa na Andres Freund, aliyeona kuwa kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde, akaufuata ucheleweshaji ule mpaka akaufikia mzizi wake. Freund alikuwa mfanyakazi wa Microsoft. Habari hii haimfai mtu atakaye kutukana upande mmoja. Uchovu wa mtenda kazi asiyelipwa ndio uliomkaribisha mwizi; uwazi wa msimbo ndio uliomwezesha mlinzi kumkamata; na mshahara wa mlinzi ulitoka kwa mfanyabiashara.

Yako makosa yasiyotoka kwa muuzaji wala kwa mtoaji, bali kwa mtumiaji. Wako wengi wasiochagua kununua wala kuchagua uhuru. Huchukua nakala ya wizi ya programu ya biashara, wakaitia katika kompyuta ya ofisi, wakajiona werevu. Watu hudhani kuwa wizi huo humdhuru muuzaji peke yake. Kwa kweli humdhuru zaidi mpinzani wake. Nakala ya wizi haina bei kama programu huria isivyo na bei, kwa hiyo huinyang'anya programu huria sababu yake ya kwanza ya kutazamwa. Kijana hujifunza chombo cha muuzaji kwa njia ya wizi, mkono wake huzoea, na siku aajiriwapo katika ofisi inayoogopa sheria humwambia mwajiri anunue alichozoea. Mwizi huyu amemfanyia muuzaji kazi ya kutangaza bidhaa, wala hakujua.

Mazoea ndiyo kufuli kubwa kuliko sheria. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliliona hilo. Mwaka 2003 baraza la mji liliamua kuacha Windows na kuhamia Linux. Kazi ilichukua miaka kumi, na kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwezi wa Novemba 2017 baraza hilo hilo liliamua kurudi Windows. Wako waliosema kuwa wafanyakazi walilalamika na hati za ofisi nyingine hazikupatana na zao. Wako waliosema kuwa siasa ndiyo iliyobadilika. Huenda wote walisema kweli. Lililo dhahiri ni kuwa uhuru ulioamuliwa kwa kura moja waweza kuondolewa kwa kura nyingine, ikiwa wautumiao kila siku hawakufundishwa kwa nini waliupewa. Mwezi wa Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, katika nchi hiyo hiyo, lilitangaza kuhamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kwenda programu huria. Litafika lilikokusudia kama litakumbuka kuwa mtu huhama kwa mkono na kwa moyo, hahami kwa tangazo.

Wakati huo huo maadui wakaoana. Mwaka 2001 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilinunua GitHub, ghala kubwa ambamo waandishi wa programu huria huweka kazi zao, kwa dola bilioni 7.5. Mwaka 2019 IBM, ile ile iliyoanza kuutenga mpini na jembe, ilikamilisha kuinunua Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya Linux, kwa dola bilioni 34. Odoo, programu ya biashara iliyozaliwa huria nchini Ubelgiji, iligawanyika mwaka 2015 kuwa toleo la wote na toleo la wanaolipa, na sehemu kubwa ya hesabu ikaenda upande wa malipo. Atakayesema kuwa uhuru umeshinda ana ushahidi, na atakayesema kuwa umenunuliwa ana ushahidi pia.

Basi hukumu iweje? Yaonekana kuwa jina la chombo halitoshi kukihukumu, na bei yake haitoshi. Yafaa kila chombo kiulizwe maswali matatu. La kwanza: je, mwenye mali aweza kuondoka na mali yake? Mfanyabiashara akiacha kulipa leo, je, atapata madeni na hesabu zake katika umbo ambalo chombo kingine chaweza kulisoma, au zitabaki kwa muuzaji kama rehani? Asiyeweza kuondoka hakukodi nyumba, amejifunga. La pili: je, yuko mwingine awezaye kukitengeneza chombo ikiwa aliyekifanya amekufa, amefilisika au amekataa? La tatu: je, atoaye jasho anapata ujira au shukrani yenye uzito? Maswali mawili ya kwanza humbana muuzaji, na la tatu humbana mtumiaji wa programu huria. Chombo kilichofungwa kisichomrudishia mtu mali yake hudhulumu mnunuzi. Chombo kilicho wazi kinachonyonya watunzaji wake hudhulumu mtoaji. Dhuluma haibadiliki jina kwa kubadilika mahali.

Maswali haya hayana uzito sawa kwa kila mtu. Mwenye duka ana ruhusa ya kujifunga, kwa kuwa hasara ni yake. Akiona kuwa utulivu wa programu ya kukodi wampasa kuliko taabu ya kujitengenezea, hapana wa kumlaumu, mradi ajue kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na kuwa mwenye nguo aweza kuidai katikati ya ngoma. Lakini serikali, hospitali na chuo havichezi na mali yao wenyewe. Orodha ya wagonjwa, kodi za raia na alama za wanafunzi ni amana. Aliyepewa amana hana haki ya kuiweka katika sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, hata kama sanduku ni zuri na mtu huyo ni mwaminifu. Kwa hao uwazi si upendeleo, ni sehemu ya uaminifu wao.

Na chuo kina wajibu wa ziada. Mwanafunzi wa uganga huonyeshwa mwili, na mwanafunzi wa sheria huonyeshwa hukumu. Mwanafunzi wa kompyuta aliyefundishwa kwa vyombo vilivyofungwa tu amefundishwa kubonyeza, hakufundishwa kujua. Lakini chuo kinachotumia programu huria miaka ishirini bila ya kurudisha hata sahihisho moja, hata tafsiri ya ukurasa mmoja, nacho kimefundisha jambo: kimewafundisha vijana wake kuwa kisima cha wote ni kisima cha wengine.

Mfanyabiashara huuza utulivu, na utulivu una bei. Mtoaji hutoa uhuru, na uhuru nao una bei, ila bei yake haiandikwi kwenye kibandiko. Hulipwa kwa kusoma, kwa kutengeneza, kwa kuchangia na kwa kukesha pamoja na wanaokesha. Anayeulipia huupata huru. Anayekataa kuulipia huupata bure, katika maana ile ya pili.